Cherehani ya Dirishani na Uzi wa Baba

Cherehani ya baba yangu niliikuta dirishani mwa duka, imepakwa rangi mpya nyeusi inayong'aa, na maua ya plastiki yamewekwa pale ambapo zamani alikuwa akiweka mkasi. Nilisimama upande wa pili wa barabara, begi begani, vumbi la safari bado kwenye nyusi. Dada mmoja aliyevaa miwani ya jua alijipiga picha mbele ya kioo, akahakikisha cherehani inaonekana nyuma yake, akapanda gari lake akaondoka. Hapo nikajua kwamba shughuli iliyonileta Gitega haitakuwa nyepesi kama nilivyoipanga.

Nilikuja kuichukua ile cherehani, basi. Muyinga, ambako ninaishi, mama mmoja mwenye duka la vitenge karibu na soko alikuwa amenipa nafasi kwenye baraza lake. Kwetu mambo ni hivi: mwenye duka anauza kitambaa, fundi anakaa barazani, na mteja akitoka na kitenge chake mkononi anakutana na fundi kabla hajakutana na jua. Wanafaidiana. Lakini baraza halimsubiri mtu asiye na cherehani.

"Ramadhani ikiingia sijakuona na mashini, namweka mwingine," yule mama aliniambia. "Watu wanataka nguo za Idi. Siwezi kukaa na mwanaume wa kupamba mlango."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nina miaka arobaini na kitu. Nimeuza mitumba Kigoma, nimebeba abiria kwa baiskeli Ngara, nimelinda ghala, nimeuza chumvi mpakani Kobero, na kila mahali nilipokaa, mwaka wa pili ukianza miguu huniwasha. Kwa mara ya kwanza nilitaka kukaa. Nililitaka lile baraza mpaka nikaliota.

Kutoka kituo cha magari nilikuwa nimetembea kwa miguu, kwa sababu esansi ilikuwa haba na wenye pikipiki walikuwa wamepanga foleni ndefu kwenye pampu. Ingekuwa heri nisingetembea. Nimezaliwa Gitega, katika mtaa wa Waswahili, wakati ambapo mwenye gari alitambuliwa kwa mlio wake kabla hajakunja kona. Tangu mji uwe makao makuu ya nchi, kila kona ina mlio. Nyumba yetu, yenye matofali ya udongo na vigae, haipo. Pana ghorofa yenye vioo vya buluu, na pale ulipokuwa uwanja wetu wanauza kahawa ya maziwa kwa watu wenye vitambulisho shingoni. Wametoka Bujumbura na wizara zao, wanalalamika baridi, wanavaa makoti. Mama aliyekuwa akituuzia sambusa ameuza kiwanja chake akahamia mbali, upande wa njia ya Bukirasazi. Wakulima wa Ryansoro bado wanaleta ndizi kwa baiskeli, ila sasa wanasimama nje ya mageti marefu, wanabonyeza kengele. Kwenye geti moja niliona mbwa amelala juu ya zulia. Nilimwonea wivu hata huyo mbwa, nasema kweli.

Lakini aliyeniuma zaidi ni mwenye dirisha.

Baba alikuwa fundi wa barazani, kama nilivyotaka kuwa mimi Muyinga. Hakuandika vipimo. Kuandika alijua, ila daftari lake la kwanza lililiwa na mchwa, na tangu hapo hakuliamini karatasi tena. Kila mteja alikuwa na uzi wake. Uzi mmoja, mafundo mawili. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni upana wa mabega, kutoka fundo la kwanza hadi la pili ni mkono, kutoka la pili hadi mwisho ni nusu ya kifua. Urefu wa nguo aliupima kwa jicho, na jicho lake halikukosea. Ncha ya kuanzia aliichoma kwa kiberiti ili ijulikane. Mwisho wa uzi alifunga kipande kidogo cha nguo ya kwanza aliyomshonea mtu huyo, basi hivyo alimtambua mwenyewe. Ukuta wa nyuma yake ulijaa misumari na nyuzi. Mtu akifa, baba alimpelekea mjane uzi wa marehemu pamoja na pole yake.

Fundi hawezi kujipima mwenyewe. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya kukata kanzu yake ya Idi, alivua koti, akasimama na kuniita. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nilipokuwa nikipanda kigoda ili kumfikia begani. Mabega, mkono, kifua. Alikuwa hapumui mpaka nimalize.

Kisha akaja Mkongomani. Alitoka Kivu ya Kusini, upande wa Uvira, mwenye ndevu za mtu mzima, ingawa nilimzidi miaka minne. Vita vilimtoa kwao na hakuwa na ndugu hata mmoja mjini. Mkristo, mcheshi, na alikuwa wa mkono wa kushoto. Sisi baba alitupiga vidole tukishika chakula kwa kushoto. Huyu alimweka kwenye kigoda changu nilichojifunzia kushona, akamfundisha kupinda pindo, kwa sababu mimi, nilipomaliza shule ya sekondari, nilisema ushonaji ni kazi ya kukaa na mimi sikuumbwa kukaa. Nikaondoka. Baba alipofariki nilikuwa Kigoma. Nilifika siku tatu baada ya maziko, nikakaa wiki moja, nikamwambia Mkongomani, "Nichungie cherehani," nikaondoka tena.

Sasa ana dirisha. Nilivuka barabara.

Ndani kulikuwa na mashine sita za umeme, mafundi wanawake na wanaume, pasi inayotoa mvuke, na sanamu isiyo na kichwa iliyovaa suti ya mtu wa wizarani. Yeye alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Alinitazama, akaitupa.

"Yaya! Ni weye?" Kwao ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa. Alinikumbatia mbele ya watu wote. "Umekonda! Unafanana na mzee kabisa."

"Na wewe umenenepa," nikasema. "Unafanana na wateja wako."

Akacheka kwa tumbo lote. "Eh, ni hii Gitega. Watu wanakula, na fundi naye anakula."

Chai ililetwa, na maandazi. Sikuyagusa. Nilisema nilichokuja kusema: "Nimekuja kuchukua cherehani."

Mafundi walijifanya kutafuta sindano.

"Ile ya dirishani?"

"Ile ya baba."

"Bon." Alijifuta vidole. "Iko yako, yaya. Mi sikuinunua. We uliniambia nichunge, mi nimechunga."

Safari nzima kutoka Muyinga, kupitia Karuzi, nilikuwa nimepanga maneno ya ugomvi. Nilikuwa na majibu ya kila atakachosema. Kukubaliwa haraka namna ile kuliniudhi kuliko kukataliwa, kwa sababu ni mtu mwenye mashine sita tu anayeweza kutoa ya saba bila kukunja uso.

"Ila leo haitoke," akaongeza. "Niliifunga na boluti kwenye simenti, kuna watu walitaka kuiiba. Boluti zimeshika kutu. Mtu wa kuchomelea nitamwita, siku mbili ao tatu. We lala kwangu."

Nililala kwake. Nyumba ya vyumba vingi, mkewe mpole, watoto wananipa shikamoo kwa adabu, bomba linatoa maji ya moto. Nilioga nikiwa na hasira.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye karakana sina la kufanya, alipoingia mzee mmoja na fimbo yake. Nilimjua. Alikuwa muuza nyama wa mtaa wetu, jirani wa baba, mwenye kifua kama pipa. Naye kiwanja chake alikuwa amekiuza, anaishi sasa kwa binti yake nje ya mji. Aliweka mezani kitambaa cheupe cha kanzu, kizuri sana, alicholetewa na mwanawe kutoka Dar es Salaam.

Binti mmoja alimkaribia na futi. Mzee akamsukuma kwa fimbo.

"Usinizungushie mkanda wako. Unanipimia jeneza? Uzi wangu uko ukutani. Fundi alinipima nikiwa mtu, sipimwi tena."

Hapo ndipo nilipogeuka nikaziona. Ukuta wa nyuma, kwenye kona isiyoonekana na wateja wa suti, misumari ile ile na nyuzi zile zile. Alihama nazo kutoka barazani. Si nyingi kama zamani. Wengi wamekufa, wengi wameuza wakahama, na hawa wapya vipimo vyao vimo kwenye simu. Lakini zilikuwepo, na zimefutwa vumbi.

"Nitamshonea mimi," nikasema.

Mzee alinikazia macho. "Wewe si yule wa Kigoma?"

"Ndiyo, baba."

"Ulichelewa kuzika."

Watu wakainama kwenye kazi zao. Mkongomani akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Yaya, nikusaidie na uzi?"

"Uzi wa baba yangu, nisomewe na wewe?"

Nilisema kwa sauti ili wasikie, na wakacheka. Yeye akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa, akarudi kwenye suti yake. Nilifurahi. Nadhani ilikuwa furaha yangu ya kwanza tangu nifike.

Nilitungua uzi wenye kipande cha kaki, nguo ya kwanza ya mzee yule. Nikatafuta ncha iliyochomwa, nikaanzia hapo. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Mabega yalitoka mapana ajabu, na kifua kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Nikajiambia, huyu alibeba mbuzi mabegani miaka yote, na kifua watu hupungukiwa. Nikakata. Kitambaa cha namna ile ukishakikata hakina msamaha. Nikashona kwa mashine ya umeme iliyokuwa ikinikimbia mguuni, siku nzima, sikuinua kichwa. Niliona picha: nimerudi, nimeshona, mtaa wote unasema damu haipotei.

Mzee alirudi siku iliyofuata, Alhamisi, kwa sababu aliitaka kanzu kwa Ijumaa. Alinyanyua mikono, tukamvisha. Mabega yalishuka mpaka karibu na viwiko. Kifuani kanzu ilikwama na haikushuka tena. Alibaki pale kichwa kimetoka, mikono juu, tumbo nje, katikati ya karakana yenye vioo.

"Fundi," akasema bila kushusha mikono, "umenishonea mimi ao umeshonea kabati?"

Cheko lililolipuka nitalisikia mpaka niingie kaburini. Hata wateja wa suti walicheka.

"Haya mabega ni ya nani?" mzee aliendelea. "Niitieni mwenyewe aje ayachukue, nimechoka kumbebea!"

Mkongomani peke yake hakucheka. Alimvua mzee kanzu taratibu, akamkalisha, akautwaa ule uzi kutoka mezani kwangu. Aliushika kwa mkono wa kushoto, kwa ncha isiyochomwa, ile yenye kipande cha kaki.

"Yaya, huu unaanzia huku."

"Ncha ya moto ndiyo ya kuanzia," nikasema. "Mimi nilikuwepo kabla yako."

"Zamani, ndiyo. Ila mi nashika na kushoto, kila mara nilikuwa nauchukua kinyume, naharibu nguo za watu. Mzee alinigombeza mpaka akachoka. Siku moja akasema, basi, tuanzie upande wako. Akafungua mafundo yote. Ya huu ukuta wote. Akafunga upya, mabega kwenye kitambaa, kifua kwenye moto, wiki mbili, hata wateja alikataa."

Niliutazama ukuta. Nyumba ya maji ya moto niliionea wivu, dirisha nililionea wivu, lakini ule ulikuwa wivu wa njiani, wa kutazama vitu vya watu. Huu ulikuwa mwingine. Baba yangu hakuwahi kunigeuzia kitu. Kanzu yangu ya Idi ilikatwa kama za wote, na nilipomwambia sitaki kushona hakusema tubadilishe hivi au vile, alisema nenda. Kwa ajili ya mkono wa kushoto wa mtu wa Uvira alifungua ukuta mzima.

Mkongomani alikaa kwenye mashine. Alikata kitambaa cha ziada nilichokiacha mabegani, akakiunga kuwa vipande viwili virefu, akavitia ubavuni, kwapa hadi pindo. Saa moja haikuisha. Mzee aliivaa, ikashuka, akajitazama kwenye kioo kirefu mbele na nyuma.

"Sasa huyu ndiye mtoto wa fundi," akasema, akimgonga Mkongomani begani kwa kichwa cha fimbo. Kisha akanipa mkono, kwa heshima, kama unavyompa mgeni. Akaondoka.

Mtu wa kuchomelea alikuja mchana huo huo. Wakati cheche zinaruka dirishani nilikwenda kwenye kona, nikatafuta uzi wa baba mwenyewe. Kipande chake nilikijua, cheupe chenye mstari mwembamba wa buluu. Kwenye msumari ule palikuwa na nyuzi mbili. Mmoja mkuukuu, ncha imechomwa, mafundo ya kitoto yaliyokazwa kupita kiasi. Yale ni mafundo yangu; hayo peke yake baba hakuyafungua. Wa pili ulikuwa mpya zaidi. Niliuweka juu ya ule wangu. Mabegani ulipungua vidole vitatu.

"Huo ni wa mwisho," Mkongomani alisema nyuma yangu. "Ile Shaabani ya mwisho. Alikuwa amepungua sana. Nilimpima, alikuwa anashika ukuta."

"Nakwenda nao," nikasema.

"Hapana."

Nilidhani sikusikia vizuri. Aliuchukua kutoka mkononi mwangu kabla sijafika kwenye fundo la pili, akaurudisha msumarini.

"Mashini chukua. Chukua na meza, chukua na kiti chake. Ule uzi hapana, yaya."

"Ni baba yangu yule."

"Najua ni baba yako. Wangu alibaki kule, hata pa kuzikwa sijui. Sikumpima hata siku moja." Akasimama kati yangu na ukuta. "Wako wa zamani beba. Ule mi sitoe."

Ningeweza kuunyakua. Nilikuwa na haki, mtu yeyote wa mtaa angesema nina haki, kama bado kungekuwa na mtaa. Lakini mafundi sita walikuwa wakitazama, na nilikuwa nimetoka kukata kanzu ya kabati. Nikautia mfukoni uzi wangu wa kitoto. Yeye mwenyewe alinisaidia kubeba cherehani mpaka kwenye gari la mizigo linalokwenda Muyinga, akaifunga kwa kamba, akaivua yale maua ya plastiki, akasimama ameyashika barabarani mpaka tukakunja kona. Dirishani pamebaki boluti nne.

Nilifika siku kumi kabla ya Ramadhani. Yule mama wa vitenge aliizunguka cherehani mara mbili, akasema, "Hii imepakwa kama bibi harusi," akanionyesha pa kuiweka. Kwenye kanyagio rangi imeshabanduka. Kazi ipo. Muyinga nako wafanyabiashara wanaingia kutoka kila upande, ng'ambo ya barabara msingi wa ghorofa umeshachimbwa, na mimi kila asubuhi nautazama na kujiuliza ni nani huyo anayejenga. Wateja wangu nawafungia nyuzi. Nachoma ncha, naanzia kwenye moto, kama baba alivyofanya kabla hajaacha.

Ule uzi wa kitoto nimeutundika nyuma yangu. Mara moja nilijaribu kuufanya uwe kama ule wa mwisho. Nilifungua fundo la kwanza, nikalisogeza vidole vitatu, nikalifunga. La pili sijui pa kuliweka. Mkono wake ulipungua kiasi gani, na kifua, anajua mtu mmoja tu, na yuko Gitega. Kila Shaabani nasema nitakwenda kumwomba aniazime nipime tu, dakika moja, nimrudishie. Kisha nafikiria nitakavyomkuta amenenepa zaidi, anaita yaya mbele ya watu, ananiletea chai, na ukuta ule nyuma yake. Basi siendi.